Akiba ya London Huanzia Tanga

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, na mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Mungu ametujalia watoto watatu: kijana wa miaka 13, binti wa miaka 9 na kitinda mimba wetu wa miaka 4. Dada yangu mkubwa anaishi Barking, mashariki mwa jiji la London, pamoja na mume wake na watoto wao wawili. Hatujaonana kwa miaka tisa, na kitinda mimba wangu anamfahamu mama mkubwa wake kwa simu tu. Mwaka jana mama yetu alipofariki, dada hakuweza kuja kuzika, na tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri kwamba nitampelekea watoto awaone.

Kwa miaka minne tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo, mimi kupitia kikoba chetu cha walimu na mume wangu kupitia faida ya duka, na sasa tumefikisha shilingi milioni 17. Tulidhani kwamba fedha hizo zinatosha. Tulipokwenda kwa wakala mmoja wa safari alitufanyia hesabu ya milioni 34 kwa siku 14, ikiwa na tiketi, vyumba viwili vya hoteli katikati ya jiji, teksi ya kutupokea uwanja wa ndege, pasi ya watalii ya kuingilia vivutio, pamoja na fedha aliyoiita ya uhakika wa viza. Alitushauri twende Desemba ili watoto wayaone mataa ya sikukuu.

Mume wangu sasa anataka kuchukua mkopo SACCOS ili kujazia pengo. Anasema ni aibu kwenda Ulaya na kuishi kama wakimbizi, na kwamba fedha nyingi zikionekana benki ndipo ubalozi utakapotuamini. Mimi naogopa mkopo, kwa kuwa mwakani kijana wetu ana mambo mengi ya shule. Dada naye anasema tusipoteze fedha hotelini, tuje sote tulale kwake. Nyumba yake ina vyumba viwili tu vya kulala, na shemeji hufanya kazi ya usiku na kulala mchana. Tutakuwa watu tisa. Naona haya kukataa, na naona haya pia kukubali.

Kuna mambo madogo zaidi. Kijana anachotaka ni kuuona uwanja wa Arsenal na si kingine. Ndugu wa pande zote mbili wameshaanza kuniandikia orodha za viatu na simu. Je, Mama, safari hii inawezekana kwa akiba tuliyo nayo, au niwaambie watoto kwamba tusubiri miaka mingine minne?

Mama Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mama yenu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilisimama pale uliposema kwamba mtoto anamjua mama mkubwa wake kwa simu tu. Ninalokujibu ni kwamba msisubiri miaka mingine minne, na msikope. Safari yenu inawezekana kwa kuwa mnakwenda kwa ndugu. Hesabu mliyopewa iliandikwa kwa ajili ya watalii wasio na mtu London. Katika safari ya familia fedha nyingi hupotea kabla hata ya kupanda ndege, katika tarehe mliyochagua, karatasi mlizolipia na kitanda mlichokodi. Mkiyapanga vema hayo matatu mngali Tanga, mtakapofika mtashangaa ni mambo mangapi ya watoto yasiyotozwa hata senti.

Nianze na tarehe. Desemba iacheni. Ni mwezi ambao kila Mwafrika wa Mashariki aliyeko ughaibuni anataka kwenda au kurudi, na tiketi hupanda kwa kadiri hiyo. Isitoshe jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, na watoto waliozoea joto la Tanga wangehitaji makoti, buti na soksi nzito za watu watano, ambazo mkirudi hamtakuwa na pa kuzivalia. Ninyi mna nafasi ambayo familia za Uingereza hazina. Shule zetu hufungwa mwezi Juni, ilhali shule za kule huendelea mpaka takribani wiki ya tatu au ya nne ya Julai, na hapo ndipo hoteli na ndege zinapojaa familia na bei kupaa. Mkienda nusu ya kwanza ya Juni mtakuwa mnasafiri katika likizo yenu, huku wenyeji wakiwa bado kazini na darasani. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo ruhusa yako haitakuwa na mgogoro. Jua la Juni huzama baada ya saa 3 usiku, na saa hizo za mwanga zina thamani kwa mtu aliyelipa nauli ya kwenda mbali. Watoto wa dada yako watakuwa shuleni mchana, lakini jioni na mwisho wa wiki watakuwa wenu.

Kuhusu viza ningependa unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mume wako, kwa nia njema kabisa, anapotaka kufanya kosa. Viza ya mgeni ya miezi 6 huombwa mtandaoni katika tovuti ya serikali ya Uingereza, na kila mtu huilipia ada yake, hata mtoto wa miaka 4. Ada hiyo ilipopandishwa Aprili 2025 ilifika pauni 127, maana yake kwa watu watano wakati huo ilikuwa pauni 635, na hairudishwi maombi yakikataliwa. Hakuna mtu anayeuza uhakika wa viza. Wakala anaweza kukusaidia kujaza fomu, lakini uamuzi hufanywa na afisa asiyemjua wakala huyo wala kumsikiliza, kwa hiyo fedha aliyokuandikia chini ya jina hilo ifuteni. Na mtu akiwaambia kwamba mnahitaji kipimo cha kifua kikuu, mjue kwamba kipimo hicho hudaiwa wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6.

Mkopo wa SACCOS ukiingizwa benki wiki mbili kabla ya maombi hautawasaidia. Kwa kweli unaweza kuwaharibia. Afisa wa viza haangalii tu kiasi kilichopo, bali huangalia kimetoka wapi na kama kinalingana na kipato chenu. Fedha nyingi iliyotua ghafla humtia mashaka kuliko akiba ndogo iliyojengwa kwa miaka minne. Hizo milioni 17 zenu, zikionekana zimekua mwezi hadi mwezi, ni ushahidi mzuri kuliko milioni 34 za kuazima. Ambatisheni barua ya mwajiri wako inayoonyesha tarehe ya kurudi kazini, leseni ya duka na karatasi za kodi za mume wako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya mwaliko ya dada yako inayoeleza mtalala wapi. Maombi yanaruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi mitatu kabla ya safari, na kwa kawaida majibu huchukua takribani wiki tatu tangu siku ya kuchukuliwa alama za vidole. Kwa safari ya Juni, basi, Machi ndio mwezi wenu. Msinunue tiketi isiyorudishwa fedha kabla ya viza kutoka. Najua inauma kuona bei ikipanda huku mkisubiri, lakini tiketi tano zilizopotea zinauma zaidi.

Katika kutafuta tiketi, kumbukeni kwamba mashirika mengi humhesabu mtoto kuwa mtoto mpaka anapotimiza miaka 12, kwa hiyo kijana wenu atalipa nauli ya mtu mzima na wadogo wawili watapata punguzo. Kutoka Dar es Salaam hamtapata ndege ya moja kwa moja; mtabadilisha Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au kwingineko. Kwa kuwa mnatoka Tanga, mtashawishika kulinganisha na bei za Nairobi, ambako ndege za moja kwa moja zipo. Linganisheni, ila katika hesabu ya Nairobi ongezeni basi la watu watano kwenda na kurudi, usiku wa kulala njiani, chakula na teksi, ndipo mtajua kama unafuu uliouona ni wa kweli. Na msikubali kuunganishiwa tiketi mbili zisizohusiana kwa sababu tu ni rahisi. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwenu, na mtabaki uwanja wa ndege wa ugenini na watoto watatu.

Sasa nije kwenye kitanda, ambacho naona ndicho kinachokukosesha usingizi hata kabla ya kufika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na walisema hivyo wakati nyumba zilikuwa na baraza, ua na mkeka wa kutandika popote. Nyumba ya Barking yenye vyumba viwili haina ua wa kumwaga watoto watano. Shemeji anayefanya kazi usiku anahitaji ukimya saa ambazo mtoto wa miaka 4 anahitaji kukimbia. Dada yako amesema mje nyote kwa sababu anakupenda, naye atavumilia bila kutamka neno, lakini baada ya miaka tisa ya kutoonana sitaki mmalize siku hizo mkinyamazishana mlangoni mwa chumba cha mtu aliyelala.

Nawashauri mgawanyike. Kijana na binti walale kwa mama mkubwa wao, sakafuni pamoja na binamu zao kama inavyopaswa, kwani hilo ndilo watakalolisimulia wakiwa watu wazima. Wewe, mume wako na kitinda mimba mchukue chumba kimoja cha hoteli ya kawaida karibu na Barking au Ilford, mkitumie kulala na kuoga tu, kisha chakula cha jioni mle kwa dada. Hivyo mtalipia chumba kimoja badala ya viwili, tena nje ya katikati ya jiji, ambako bei huwa nafuu. Mkikosa hoteli, YHA, shirika la hosteli za bei nafuu, lina hosteli London zenye vyumba vya familia, na vyuo vikuu kama LSE, chuo cha uchumi cha London, hukodisha vyumba vya mabweni wakati wanafunzi wamekwenda likizo. Siku 14 zipunguzeni ziwe 10. Mwambie dada yako mapema na kwa upole kwamba mmefanya hivyo kwa ajili ya usingizi wa shemeji. Hakuna mke atakayechukia kusikia mumewe akijaliwa.

Jembe lenu litakuwa kikapu cha sokoni. Siku ya kwanza mpe dada yako mkononi fedha ya chakula cha siku zote, usimngoje aombe, kwa maana hataomba. Watu wazima wanne na watoto watano hula mchele, kuku na maziwa mengi, na umeme na gesi ya kupikia kule ni bili nzito. Mkifanya manunuzi katika maduka kama Lidl na Aldi, au soko la mtaani la Barking, na mkipika nyumbani, mtaokoa fedha nyingi kuliko kwa ujanja mwingine wowote nitakaokutajia. Asubuhi fungasha chapati, mayai na matunda, kila mtoto na chupa yake ya maji. Maji ya bomba London ni salama kunywa, na migahawa ya Uingereza yenye leseni ya pombe inatakiwa kisheria kuwapa wateja maji ya bomba bure wakiomba. Kutoka nyumbani chukua viungo vya pilau na majani ya chai. Nyama na maziwa usifungashe, kwa sababu haviruhusiwi kuingizwa na mtavipoteza pale forodhani.

Dada yako hajui ni zawadi gani amewapa kwa kuishi Barking. Njia ya District ya treni za chini ya ardhi hupita hapo, na njia hiyo hiyo moja, bila kubadilisha, huwafikisha Tower Hill penye ngome ya kale na daraja la Tower, Westminster penye Bunge na saa ya Big Ben, St James's Park iliyo karibu na kasri la Buckingham, na South Kensington yalipo makumbusho makubwa matatu yaliyokaribiana. Mtu aliyelala hoteli ya katikati ya jiji analipia kuwa karibu na vitu ambavyo ninyi mtavifikia mkiwa mmekaa kitini. Hata kutoka uwanja wa Heathrow hamhitaji teksi. Pandeni njia ya Piccadilly, ambayo ndiyo treni ya nauli nafuu kutoka pale, mshuke Hammersmith, mvuke jukwaa tu na kuingia District mpaka Barking. Ni safari ndefu, zaidi ya saa moja na nusu, na mkiwa na masanduku mazito mnaweza kuchagua reli ya Elizabeth iliyo ya haraka zaidi, lakini bei yake ni ya juu.

Katika nauli za jiji, watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure katika mabasi na treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima anayelipa, kwa hiyo binti na kitinda mimba hawana gharama. Kijana anunuliwe kadi ya Oyster ya kawaida, yaani kadi ya kulipia nauli za jiji, kisha nendeni naye kwa mhudumu wa kituo mkaombe awekewe punguzo la mgeni mdogo, ambalo humlipisha nusu ya nauli ya mtu mzima kwa hadi siku 14. Watu wengi hulipa nauli kamili kwa watoto wao kwa kutojua kwamba punguzo hilo lipo na kwamba linahitaji kuombwa. Wewe na mume wako kila mmoja awe na kadi yake, na atumie ile ile kutwa nzima, kwa sababu mfumo hujumlisha safari za kadi moja na kusimamisha makato yakifika kikomo cha siku. Ukigusa kadi asubuhi na simu jioni, unahesabiwa kama watu wawili. Siku za kazi ondokeni nyumbani baada ya saa 3:30 asubuhi, wakati nauli ya msongamano imekwisha. Mnapokuwa hamna haraka, pandeni basi, ambalo nauli yake ilipandishwa hadi pauni 1.75 Machi 2023, na ndani ya saa moja mnaweza kubadilisha mabasi bila kulipa tena. Dereva hapokei fedha taslimu. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2014.

Pasi ya watalii msiinunue. Pasi hiyo humfaa mtu anayekimbia vivutio vitatu au vinne vya kulipia kwa siku, na hakuna mtoto wa miaka 4 anayeweza mwendo huo. Makumbusho ya taifa ya Uingereza yaliyokuwa yakitoza yalifuta kiingilio Desemba 2001, na tangu hapo milango iko wazi, isipokuwa maonyesho maalumu. Pale South Kensington, Makumbusho ya Historia ya Asili yana mifupa ya nyangumi wa buluu iliyoning'inizwa katika ukumbi mkuu, na ningependa uwaambie watoto wako, kama mwalimu, kwamba makumbusho hayo yalituma wachimbaji Tendaguru, mkoani Lindi, kuanzia mwaka 1924 kutafuta mifupa ya dinosaria. Katika British Museum, ambako pia hakuna kiingilio, limehifadhiwa jiwe la kukatia kutoka Bonde la Olduvai lenye umri wa takribani miaka milioni 1.8. Mtoto wa Kitanzania anapaswa kujua kwamba baadhi ya vitu vya kale zaidi katika nyumba ile vimetoka kwao. Agizeni tiketi za bure mtandaoni kabla ya kwenda, ili msisimame katika foleni ya wasiojiandaa.

Siku nyingine itoeni kwa Greenwich. Nendeni kwa treni za DLR, ambazo hazina chumba cha dereva mbele, kwa hiyo watoto hukaa kiti cha kwanza na kuiona reli kana kwamba wao ndio wanaoendesha. Kisha vukeni mto Thames kwa miguu, chini ya mto wenyewe, katika njia iliyofunguliwa mwaka 1902 na isiyo na malipo. Katika bustani ya St James's kuna ndege aina ya mwari, ambao historia yao pale ilianza kwa zawadi ya balozi wa Urusi mwaka 1664. Walinzi wa kasri hubadilishana zamu saa 5 asubuhi katika siku zinazotangazwa, nanyi mtatazama mkiwa mmesimama barabarani na wenye pasi na wasio nayo.

Kwa kijana wako, nina maoni tofauti kidogo na yale unayoweza kuyatarajia kwa mtu anayehimiza akiba. Mlipieni. Juni ligi huwa imekwisha, kwa hiyo hamtashawishika kununua tiketi ya mechi ambayo bei yake ingemeza chakula cha wiki nzima, lakini ziara ya kutembezwa ndani ya uwanja wa Emirates ipo, na ni ya kulipia. Waende wawili tu, yeye na baba yake. Wewe na wadogo kaeni siku hiyo katika bustani ya Barking yenye ziwa, pamoja na dada yako. Washuke kituo kiitwacho Arsenal, kilichopewa jina hilo mwaka 1932, wapige picha yao. Familia ikijinyima kila kitu kwa siku 10, watoto wataikumbuka njaa ya matamanio. Jambo moja la kulipia lililochaguliwa kwa upendo hulitimiza jiji zima.

Kuna mahali pamoja ambapo nitakukataza kubana, napo ni bima ya safari. Mgeni akilazwa katika hospitali ya umma ya Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama ya matibabu, na mguu uliovunjika bustanini unaweza kumaliza akiba yenu na duka pia. Nunueni bima ya watu wote watano kabla ya kuondoka. Kwa upande mwingine, msinunue vigeuzi vya umeme, kwa sababu plagi za kule ni zile zile za pini tatu za bapa tulizozizoea. Fedha msibadilishe uwanja wa ndege. Na mashine ya dukani ikikuuliza kama unataka kulipa kwa pauni au kwa shilingi, chagua pauni daima, maana ukichagua shilingi unakubali kiwango chao cha kubadilisha, ambacho huwa kibaya kuliko cha benki yako.

Orodha za ndugu zijibu sasa, mkiwa bado hamjaondoka, kwa sababu ahadi ya kimya huhesabiwa kuwa ndiyo. Waambie kwamba mnakwenda kumhani dada yako kwa msiba wa mama, na kwamba mkirudi kila nyumba itapata kitu kidogo. Usijitie moyo kwa habari ya kurudishiwa kodi ya manunuzi uwanja wa ndege. Utaratibu huo ulifutwa katika Uingereza bara tangu Januari 1, 2021, na bado kuna watu wanaoutegemea. Maduka ya hisani, ambayo huuza nguo na vitabu vilivyotolewa na watu kwa ajili ya misaada, yana vitu vizuri kwa bei ndogo, na vitabu vya watoto vya humo vitakufaa hata darasani kwako.

Na kwa mume wako, nakuomba umsomee sehemu hii mwenyewe, kwa utulivu, baada ya duka kufungwa. Mkwe wangu, hofu yako ya aibu naielewa, kwa kuwa ni hofu ya baba anayetaka familia yake isimame wima mbele za watu. Lakini wenyeji mnaokwenda kuwaona wanaishi kwa zamu za usiku na vyumba viwili. Hawatawapima kwa hoteli. Watafurahi mkifika na khanga, korosho na picha za kaburi la mama, na wataumia wakigundua baadaye kwamba mlikopa ili muwafikie. Fungua leo taarifa ya akaunti ya benki ya miezi sita iliyopita, uone jinsi akiba yenu inavyosomeka machoni pa mgeni, kisha mwambieni dada aanze kuandika barua ya mwaliko wiki hii.